Historia ya Cliff Odongo Owiti, Aliyetutisha kwa Ubao Mmoja

Mchungaji, wazee wa boma hili, majirani wa hapa Seme na wageni wetu kutoka Port Victoria, mimi ni Dorca, dada mkubwa wa marehemu, na karatasi niliyorudishiwa nisome ina mistari iliyokatwa kwa kalamu na baba yetu mdogo, Mzee Okello, lakini niliyeiandika ni mimi na nitaisoma yote. Tangu jana kuna maneno kwamba mjane wa Cliff, Mercyline, asikaribie kaburi wala asitupe mchanga, ati ndiye aliyeleta kifo katika nyumba hii, kwa hivyo namwomba anayesimamia jenereta ya kipaza sauti asiizime mpaka nimalize.

Cliff alizaliwa tarehe 14 Machi 1986 katika mtaa wa Kaloleni, Kisumu, akiwa mtoto wa tatu wa marehemu Mzee Owiti na Mama Beldina, ambaye mnamwona amekaa hapa mbele. Alianza darasa la kwanza mwaka wa 1993, akafanya mtihani wa darasa la nane Novemba 2000, na akamaliza kidato cha nne mwaka wa 2004 kwa alama ya C, ambayo baba aliinung'unikia hadi alipofariki. Kusema ukweli, hakuwa mtu wa vitabu, alikuwa mtu wa kutazama.

Mwaka wa 2007 alinunua kamera ya mtumba pale soko la Kibuye, akaanza kurekodi harusi na matanga, na wengi mliokaa chini ya hema hii mna kazi yake nyumbani. Tarehe 9 Agosti 2014 alifunga ndoa kanisani na Mercyline Nabututu, binti wa mama muuza samaki wa Port Victoria, nao wakajaliwa watoto wawili, Caren, aliyezaliwa tarehe 2 Juni 2016, na Calvince, tarehe 21 Januari 2019.

Sasa nimefika kwenye mistari iliyokatwa. Agosti 2021 Cliff alitengeneza filamu ya mnyonya damu, mkewe akiwa ndiye mnyonya damu mwenyewe, na tarehe 17 Desemba ikaonyeshwa katika ukumbi mmoja wa Kaloleni, watu wakapiga nduru, mama mmoja akaacha viatu vyake huko, na Mzee Okello, aliyekaa mstari wa kwanza, akatoka kabla ya mwisho akisema kwamba mwanamke aliyelala ndani ya jeneza akiwa hai, akainuka na kurudi nyumbani bila kutakaswa, lazima atamzika mtu. Kuanzia siku hiyo wengi wetu tulikataa chakula cha Mercyline, nami nilikuwa nikimwambia nimeshiba huku tumbo linanguruma, mpaka siku moja akaniuliza, dada, kwani nilifanya nini.

Cliff alinieleza mwenyewe, akiwa kwenye kitanda cha hospitali, jinsi alivyotutisha. Usiku ule mliouona ulikuwa saa nane mchana, madirisha yamezibwa kwa blanketi, taa moja imewekwa sakafuni, kwa sababu uso wa mtu tumezoea kuuona ukimulikwa kutoka juu, na ukiumulika kutoka chini hata wa mkeo unakuwa mgeni. Kamera aliilaza chini, mahali ambapo macho ya mtu aliyeanguka yangekuwa, kivuli akakifikisha ukutani kabla ya mwenye kivuli, na pale mliposhika vifua vyenu alikuwa ameondoa sauti zote, hata za wadudu, akawaacha mkingoja, ndipo mlango ukalia. Meno hakuyaonyesha hata mara moja, alionyesha shingo, kisha macho ya msichana anayewindwa, akiona kile ambacho nyinyi hamkioni, na damu ilikuwa sharubati iliyokorogwa na kakao.

Na jeneza, Mzee wangu, halikuwapo. Palikuwa na ubao mmoja uliopakwa vanishi, na vidole vya Mercyline vikiushika kwa juu, yeye amechuchumaa nyuma yake kwenye mkeka sebuleni kwao, na lile jeneza lililobaki mlilitengeneza nyinyi wenyewe vichwani mwenu. Naona Mzee amesimama, naomba uketi, baba, bado sijafika mwisho.

Februari 2024 Cliff alianza kuishiwa nguvu, madaktari wakagundua saratani ya damu, akawa anaongezewa damu mara kwa mara, na hospitali ikaiomba familia ijitokeze kutoa. Niliwapigia simu ndugu kumi na mmoja. Wengine walikuwa safarini, wengine hawakushika simu, Mzee alisema damu yake haiwezi kuingia nyumba ile ikanywewe, na mimi, dada yake wa tumbo moja, nilisema nina presha. Sina presha. Yawa, jamani, mwanamke mzima, niliogopa filamu!

Aliyekwenda ni Mercyline, mwezi wa Machi, wa Julai na wa Novemba, kila miezi minne, kwa kadiri wanavyomruhusu mwanamke kutoa, na mara ya nne wakamrudisha kwa sababu yeye mwenyewe alikuwa amepungukiwa na damu. Huyo ndiye mnayesema alimnyonya mumewe. Cliff aliaga dunia Jumanne, tarehe 6 Mei 2025, saa tatu asubuhi, akiwa na umri wa miaka thelathini na tisa, mkewe akiwa amemshika mkono, na hakuna mwingine wa familia aliyekuwa chumbani.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia miezi kumi na mitano, majirani wa Kaloleni waliolea watoto, wapiga video wenzake waliokuja leo na kamera zao, pamoja na nyinyi nyote mliovumilia jua hili. Wifi yangu Mercyline, inuka, uje utupe mchanga wa kwanza, nami nitasimama nyuma yako, na mwenye neno aniambie mimi. Cliff, ndugu yangu, pumzika kwa amani, na kama unaweza unisamehe, damu yangu ni ya kundi lako na sikuitoa.