Jina la Babu na Mgongo Wangu

Walisema sitashika jembe tena. Walisema stashahada yangu ya kilimo nitaisoma nikiwa nimelala chali. Ndugu zangu, nimesimama mbele yenu, na mgongo wenyewe mnauona.

Nilirudi hapa Kwihara miaka ile ya kuanzisha kijiji cha ujamaa, msomi wa kwanza wa ukoo wetu, niliyejisomesha kwa kubeba magunia stesheni. Najisifu, ndiyo, Mungu anajua nilivyobeba. Niliwapimia matuta ya karanga, hata wazee wakanisikiliza. Mwaka haujaisha, mgongo ukaanza kuuma. Alfajiri nilikuwa mgumu kama gogo, mpaka jua lipande ndipo niweze kufunga kamba za viatu.

Babu yangu alikufa amepinda, hawezi kutazama mbingu. Nami nilirithi jina lake, ndiyo maana mama alizoea kunitania, "Shikamoo, baba mkwe." Nilipoanza kupinda, aliacha utani huo. Ukoo ukaamua kwamba marehemu babu anakuja kuchukua jina lake. Tukatambika, nikavishwa shanga nyeupe, nikaambiwa nilale ndani nisijitoneshe. Nawaambia, kulala kule ndiko kulikonimaliza. Kila nilipolala zaidi, niliamka mgumu zaidi.

Shamba langu mkalilima nyinyi, kwa zamu, mkiimba. Mzee mmoja mwenye maneno alichungulia dirishani: "Bwana shamba, leo utatufundisha kutoka kitandani?" Nilicheka. Alipoondoka, nililia.

Aliyenitoa mle ndani ni dada yangu. Asubuhi moja aliingia akijishika kiuno, akakaa ukingoni mwa kitanda.

"Kaka, na mimi siwezi kuinama kuwasha moto. Mimi nina jina la nani?"

Yeye alipewa jina la upande wa mama. Na binamu yetu, mwenye jina lile lile la babu, alikuwa mzima, akicheza ngoma kila sikukuu. Nikavua shanga.

Tulikwenda hospitali mjini. Daktari akatuuliza habari za babu, za shangazi, hata za macho ya baba yaliyokuwa yakiwiva na kuuma.

"Kitu hiki kinachokakamaza uti wa mgongo kimo katika damu ya ukoo wenu," alisema. "Wengine wanakibeba wasiugue kamwe. Vitabu vyangu vinasema ni ugonjwa wa Wazungu, lakini nyinyi hawa hapa."

Akatupa vidonge, akatukataza kulala: tutembee, tujinyooshe kila asubuhi. Kuponya hakuahidi. Nilijinyoosha huku machozi yananitoka. Hadi leo zipo asubuhi mgongo unaponikatalia, na shingo ya dada yangu haigeuki.

Nawashukuru mama, dada, daktari yule, na nyinyi. Mwenye ndugu anayeamka amekakamaa asimfungie ndani. Ampeleke hospitali mapema.

Mlinikopesha siku za jembe, nami nimezilipa shamba kwa shamba. La mwisho lilikuwa la mzee yule mwenye maneno. Nilipomaliza tuta lake, nikajinyoosha. Mama alikuwa ameniletea uji. Alinitazama toka miguuni hadi kichwani, kisha akapiga goti kidogo.

"Shikamoo, baba mkwe."

"Marahaba," nikaitikia.