Historia ya Maestra Takya, Aliyewaandikia Watoto Waliozaliwa Mbali

Padre, ndugu wa ukoo wa Famatid na wa ukoo wa Nobleza, walimu, majirani, nanyi mliopanda ndege kuja hapa Miagao, haya ndiyo maisha ya mama yetu kwa kadiri familia ilivyoweza kuyakusanya, na tunaomba yasikilizwe kwa utulivu, kwa kuwa aliyelala mbele yetu hakupenda kusoma wala kusomewa haraka.

Marehemu Eustaquia Famatid Nobleza, ambaye wakubwa walimwita Maestra Takya, yaani mwalimu, na watoto wakamwita Lola Takya, yaani bibi, alizaliwa tarehe 20 Septemba 1949 hapa Miagao, mkoani Iloilo, akiwa mtoto wa nne wa marehemu Anselmo Famatid, mwezekaji wa mapaa ya makuti, na marehemu Basilisa, mfumaji wa vitambaa vya hablon, na akapewa jina la mtakatifu wa siku ile kama kalenda ya ukutani ilivyosema, ingawa baba yake alikuwa amekwisha kumwahidi shangazi mmoja kwamba mtoto ataitwa kwa jina lake, naye shangazi akanuna mpaka ubatizo ukapita.

Alianza shule ya msingi hapa hapa mwezi Juni 1956, na tangu darasa la tatu masomo yakawa kwa Kiingereza, na mtoto aliyeponyokwa na neno la Kinaray-a, lugha yetu ya nyumbani, alisimamishwa juani karibu na mlingoti wa bendera, naye kwa kuwa alikuwa msemaji aliujua mlingoti ule kuliko wenzake wote. Vitabu vya shule vilikuwa na watoto wenye nywele za manjano waliokula matufaha na kucheza kwenye theluji, akavipenda kwa moyo wote, akakua akiamini kwamba kitabu ni mahali ambapo watu wa kwetu hawaishi. Alimaliza sekondari mwaka 1966, akaenda chuo cha ualimu mjini Iloilo, akahitimu mwezi Machi 1970, na mwezi Juni mwaka huo huo akaanza kufundisha darasa la pili katika shule ya kijiji, kazi aliyoifanya hadi alipostaafu tarehe 20 Septemba 2009, bila kukubali hata mara moja kupandishwa kuwa mwalimu mkuu, akisema kwamba mwalimu mkuu hupewa kiti lakini hunyang'anywa watoto.

Tarehe 14 Aprili 1973 alifunga ndoa katika kanisa hili na Crispulo Nobleza, seremala, mtu mpole aliyeongea kwa nadra, na Mungu akawajalia watoto watatu, Ermelinda aliyezaliwa mwaka 1974, Dionisio mwaka 1977 na Wilma mwaka 1982. Ermelinda aliondoka mwaka 1996 kwenda Milano, Italia, kuwatunza wazee wa watu, kama walivyofanya wengi wa rika lake, na huko tarehe 8 Februari 1998 akamzaa mjukuu wa kwanza wa marehemu, Ginevra, ambaye kwa miaka minane bibi yake alimjua kwa picha na kwa sauti ya simu tu.

Tarehe 2 Aprili 2006 Crispulo alifariki ghafla akiwa kazini, na Ermelinda akaja msibani pamoja na mtoto, na siku ya pili ya mkesha, saa sita mchana, nyumba ikiwa imejaa, wazee wakamnyooshea Ginevra migongo ya mikono yao, ili ainame aiguse kwa paji la uso kama inavyompasa mtoto kwa wakubwa zake. Ermelinda hakuwa amemfundisha, si kwa dharau, bali kwa kosa ambalo wazazi wengi wa kwetu walio ugenini wamelifanya, la kudhani kwamba mtoto wetu huzaliwa akilijua jambo hilo, kama anavyozaliwa akijua kulia. Basi mtoto akampa mkono kila mzee, akaukamata sawasawa na kuutikisa, akitaja jina lake kamili kama alivyofunzwa na walimu wake wa Milano, na alipomfikia binamu wa Maestra Takya, mzee Policarpo, huyo akasimama, akapiga saluti, akasema, “Tokeni njiani, balozi amefika!”, na shangazi mmoja kutoka jikoni akadakia, “Muulizeni viza yangu imekwama wapi!”, na msiba wote ukaangua kicheko, na marehemu mwenyewe, mjane wa siku mbili ambaye tangu kifo kile hakuwa amelia wala kucheka, akacheka mpaka akashika mbavu, na katika kucheka ndipo machozi yake yalipopata njia.

Ginevra aliingia chini ya meza ya wacheza karata wa mkesha akakaa humo hadi jioni, kila mtu akidhani mwingine atamwendea, na waliporudi Milano hakutamka tena neno lolote la kwetu, na bibi yake alipopiga simu siku za Jumapili alimsikia kwa mbali akimwambia mama yake kwa Kiitalia maneno ambayo Ermelinda aliona haya kuyatafsiri, ila siku moja akayatafsiri, “Anasema nikwambie amelala, Mama,” na kwao wakati ule ilikuwa saa saba mchana.

Tangu siku hiyo marehemu alikuwa na haja moja, kwamba mtoto yule asiione nchi ya mama yake kuwa mahali pa kuchekwa, na kwa kuwa alichokijua ni kufundisha darasa la pili, mwaka 2007 alikaa akamwandikia kitabu kwa mkono, Wilma akachora, wakakishona kwa jalada la mabaki ya hablon ya marehemu Basilisa, na ndani yake, kwa Kiingereza safi, mlikuwa na msichana mwenye nywele za manjano, tufaha na theluji. Ermelinda alipiga simu wiki tatu baadaye, akasitasita, kisha akasema, “Mama, amekifungua, lakini anasema matufaha yako jikoni na theluji iko dirishani, anauliza wewe uko wapi humu ndani,” na marehemu, mwenye miaka hamsini na saba na miaka zaidi ya thelathini ya kufundisha, akaweka simu chini akamwambia Wilma kwamba swali lile alipaswa kujiuliza yeye tangu mlingotini.

Akaanza upya, safari hii kwa Kinaray-a, na tafsiri ndogo chini ya ukurasa kwa ajili ya wazazi wa kigeni waliooana na watu wa kwetu, akaandika juu ya mtoto anayeomba radhi kabla ya kupita kwenye kichuguu, ili wasioonekana waishio humo wasikanyagwe, juu ya bibi anayefuma huku mvua inavuja ndani, juu ya wali wa kunata uliofungwa kwenye jani na ndugu wawili wanaougombea, na kila kitabu kabla ya kushonwa alikisoma kwanza sokoni siku ya Jumamosi kwa watoto wa wachuuzi, na ukurasa ambao mtoto aligeuza shingo kutazama pengine aliukata bila huruma, hata kama ndio alioupenda kuliko yote. Muuza samaki wakavu, mama Norberta ambaye yuko nasi hapa, alizoea kumpigia kelele, “Maestra, hadithi zako zinanifukuzia wateja!”, na yeye akimjibu, “Si hadithi, Norberta, ni harufu,” na ugomvi huo uliendelea miaka kumi na sita bila mshindi.

Vitabu vile alivipeleka Milano ndani ya maboksi yale yale makubwa ambayo Ermelinda alikuwa akituma nyumbani yakiwa na sabuni, kahawa na chokoleti, na majirani walicheka sana, wakisema boksi huteremka kutoka ng'ambo, halipandi, na kwamba Maestra anasukuma mto urudi mlimani. Lakini huko Milano, katika ukumbi chini ya kanisa ambako watu wa kwetu hukutana Jumapili, watoto wa wengine waliviona wakavitaka, kisha wakaomba wa Roma, na wa Dubai, na mchapishaji mdogo wa mjini Iloilo akavichapa vitabu tisa kwa jumla, na marehemu akapokea salamu za watoto wengi asiowajua, isipokuwa za yule mmoja, ambaye vitabu vyake vilikaa ndani ya kabati. Alimwambia Wilma, bila uchungu, kama mtu anayesema mvua imenyesha, “Watoto wa watu wananisoma, wangu amenifungia kabatini,” wala hakumlazimisha mtu amsemee.

Mwaka 2016 aliandika kitabu cha tisa, juu ya mtoto mgeni aliyewapa mkono wazee msibani wakamcheka, na bibi yake aliyeacha wageni wote akaingia chini ya meza kwa magoti akakaa naye, na ukoo ulipokisikia baadhi yetu tuliona aibu, na mzee Policarpo akaja na fimbo yake akasema, “Takya, unatuanika kama dagaa!”, na yeye akamjibu kwa upole, “Dagaa asiyeanikwa huoza, kaka,” na kikachapwa bila kupunguzwa, na ni haki kusema kwamba mzee Policarpo, kabla hajafariki mwaka 2019, alinunua nakala kwa kila mjukuu wake, akiwaonyesha picha na kusema, “Huyu mjinga wa saluti ndiye mimi.” Kitabu hicho kilitumwa Milano pia, na jibu halikuja.

Jambo ambalo marehemu hakulijua ni kwamba mwaka 2022 dada aliyekuwa akiwasomea watoto katika ukumbi ule alirudi nyumbani kwa kustaafu, na Ermelinda akamwomba Ginevra asome mara moja tu, akakataa, kisha akaenda, akasoma vibaya, na watoto wa miaka sita wakamsahihisha, akarudi Jumapili iliyofuata na iliyofuata, akajifunza lugha kutoka katika kurasa zile zile alizozifungia, na akamwapisha mama yake asimwambie bibi mpaka aweze kuyasema mwenyewe kwa mdomo wake, siri ambayo Ermelinda aliibeba kwa taabu kubwa, kama mnavyomjua.

Marehemu alianza kusumbuliwa na figo mwezi Agosti 2023, akawa anasafishwa damu mjini Iloilo mara mbili kwa wiki, akaenda na kurudi bila kulalamika, ila alilalamikia televisheni ya chumba kile, na mwezi Februari 2025 hali ikawa mbaya akalazwa, na siku ya Jumatatu, tarehe 3 Machi, Ginevra aliingia wodini na begi lake mgongoni akamsalimu kwa Kinaray-a, na kwa kuwa alijifunza kwa vitabu vya bibi tu, alisema kama wazee wa zamani wanavyosema, hata wauguzi wakatazamana, na marehemu akamtazama muda mrefu akasema, “Nani huyu anayeongea kama marehemu mama yangu?”

Wilma alikuwapo, na kwa ruhusa ya Ginevra tunayaeleza yaliyofuata. Ginevra alimwambia, “Lola, nimesoma kile cha meza, humo unaingia chini unakaa na mimi,” na marehemu akasema ndiyo, na Ginevra akasema, “Siku ile hukuja,” na marehemu akasema, “Sikuja,” na Ginevra akasema, “Nilikungoja mpaka miguu ikafa ganzi,” kisha marehemu akaanza kujisogeza kidogo kidogo kuelekea ukutani, na mirija yake, akapiga godoro kwa kiganja akasema, “Magoti yangu hayaingii tena chini ya meza, mwanangu, panda wewe huku,” na Ginevra akavua viatu akapanda, na muuguzi wa zamu alipoingia akasema, “Jamani, kitanda hiki ni cha mgonjwa mmoja!”, marehemu alimjibu kwamba wagonjwa ni wawili, na kwamba mmoja amengoja zamu yake tangu mwaka 2006.

Walikuwa pamoja siku zote zilizobaki, wakibishana juu ya matamshi, na siku ya Ijumaa, tarehe 14 Machi 2025, alfajiri, marehemu alifariki dunia akiwa na miaka sabini na mitano, Wilma na Dionisio wakiwa kandoni mwake na Ginevra akiwa amelala kitini.

Ameacha watoto watatu, wajukuu saba na vitukuu wawili. Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, na hasa yule wa zamu aliyefunga mlango akaondoka, mapadre, walimu wenzake, majirani waliopika siku zote za mkesha, wachuuzi wa sokoni waliofunga vibanda leo ingawa ni Jumamosi, na Wafilipino wote wa Milano waliochangia nauli.

Bado jambo moja. Jeneza litakapoinuliwa, watoto wadogo wa ukoo watapitishwa juu yake kwa mikono, kama ilivyo desturi yetu, ili marehemu asiwafuate kwa mapenzi yake, na safari hii sita kati yao ni waliozaliwa ng'ambo na hawajawahi kuliona jambo hili. Tunawaomba wakubwa muwachuchumalie kwanza, muwaeleze ni nini na kwa nini, polepole, na atakayeogopa asivutwe, na atakayekosea asichekwe, na atakayekimbia kujificha afuatwe na mtu mmoja, sasa hivi, kabla ya jambo lingine lolote, nasi sote tutasubiri, hata padre amekubali kusubiri.

Maestra Takya, umemaliza kusoma, funika kitabu ulale kwa amani.