Kipaza Sauti cha Wagombea Wawili

Ndani ya feri ya kwenda Likoni, Hadeel alijifanya anatazama maji ili asikose neno la jirani zake. Kando yake Bi Barakat alikuwa amekalia boksi la kipaza sauti, na Kioko, kijana wa bandarini, mgeni kwake, alimuuliza ni cha arusi gani.

"Si cha arusi, mwanangu. Chaenda Ngazija, kisiwani Komoro, kwa babu zangu, kwenye uchaguzi wa meya. Wangazija wa Likoni tumekinunua, wagombea wakitumie kwa zamu."

"Na wewe, mama, uko upande gani?"

"Wa mtoto wa ndugu yangu. Kule mwanamume asiyefanya arusi kubwa hasikizwi uwanjani. Yeye kafanya, na bangili zangu zilikwenda humo. Mpinzani wake ni mwalimu kapera, na sasa naye atasema kwa kipaza hiki. Mtoto kaninunia, hata simu hapigi."

"Si mngenunua viwili, kila mtu na chake?"

"Wapige kelele pamoja? Kikiwa kimoja, mmoja akisema, mwenzake hana budi kusikiliza."

Simu ikalia. Bi Barakat alitazama jina, uso ukamkunjuka. "Abee, baba. La, ni kwa zamu." Kisha akamgeukia Kioko. "Ni mtoto mwenyewe, yuwauliza nani ataanza."

"Aanze yeye. Damu ni damu, mama."

"Aanze mwalimu," alisema Hadeel, ambaye hata chenji ya matatu huidai kwa kunong'ona.

Wote wawili wakamgeukia, wakingoja sababu. "Mwenzake keshasikizwa kwa arusi yake," akasema, safari hii kwa sauti. Feri ikagusa gati.