Imeandikwa "Waliomo"

Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya, Mwalimu Mkuu, walimu wangu, wazazi, ndugu wageni waalikwa, na nyinyi wanafunzi mliojazana hadi madirishani: kama nimemruka mtu anisamehe, maana leo moyo unanienda mbio.

Tumekuja kumuaga mwalimu wetu wa uraia, ambaye shule nzima inamwita Mama Ibara, kwa kuwa hawezi kumaliza maongezi bila kutaja ibara fulani. Yeye hujifanya hajawahi kulisikia jina hilo. Mwalimu, leo umelisikia rasmi.

Huyu ndiye aliyetufundisha Tamko la Taifa, yale maneno yaliyosomwa hadharani siku nchi yetu ilipozaliwa. Wengine walitaka tulikariri. Yeye alitaka tuligombanie. Alikuwa akiandika sentensi moja ubaoni, anakwenda kuketi nyuma ya darasa, anakunja mikono, kisha anauliza: kwa nini neno hili, na si lile? Tulibishana mpaka kengele ya chakula ikatupita. Nani kati yenu amewahi kusahau njaa kwa sababu ya sarufi?

Sasa niwasimulie yaliyonipata. Mimi simjui aliyenizaa. Niliokotwa kwenye benchi la zahanati, nimefungwa kitenge, na mama aliyekuwa akifua mashuka ya pale akanichukua, akanilea, nikamwita bibi. Yupo hapa mbele, amevaa gauni la kijani. Sikuwahi kujiona nimepungukiwa na kitu, hadi nilipomaliza shule na kupata nafasi ya kusomea uuguzi. Chuo kilitaka kitambulisho cha uraia. Nikaenda ofisini, na karani, mtu mpole tu, akaniuliza baba yangu ni nani, mama yangu ni nani, na walizaliwa wapi. Nikamjibu sijui, sijui, sijui. Akaniambia kwa huruma kwamba basi na yeye hawezi kujua mimi ni wa nchi gani.

Mnaujua uchungu wa kuambiwa hivyo katika mji ambao unavijua vichochoro vyake vyote? Nilirudi nyumbani nikajifungia chumbani. Bibi ndiye aliyekwenda kumwita Mama Ibara, naye akaja moja kwa moja kutoka darasani, chaki imemjaa begani. Hakunipa pole. Alisema tunakwenda mahakamani.

Wakili mmoja, mwanafunzi wake wa zamani, akajitolea kutusimamia. Lakini wakili wa serikali naye alikuwa hodari, nisimnyime haki yake. Alisoma ibara ya kwanza: "Nchi hii ni ya wote waliomo, na ya watoto wao baada yao." Kisha akaeleza kwamba waliomo ni wale waliokuwa ndani ya mipaka siku ya Tamko, na sisi wengine wote ni watoto wao na wajukuu wao, na binti huyu hawezi kuonyesha ni mtoto wa nani. Hata mimi nilikaribia kumwamini.

Wakili wetu alijibu kwa sheria nyingi, lakini jaji hakuonekana kuridhika. Mwishowe akaniuliza mimi mwenyewe kama nina la kusema. Nikamgeukia mwalimu, nikitumaini ataninong'oneza. Alikunja mikono tu. Nikasimama.

"Mheshimiwa Jaji," nikasema, "waasisi walijua kuandika 'waliokuwamo'. Hawakuandika hivyo. Waliandika 'waliomo'. Neno hilo halina tarehe. Likisomwa leo, linasema leo. Na mimi, Mheshimiwa, nimo."

Ndugu zangu, tulishinda! Jaji aliamua kwamba Tamko linawakumbatia watu upya kila linaposomwa, na kwamba mtoto aliyeokotwa na nchi hii ni wa nchi hii. Wakili wa serikali akaja kunipa mkono. Bibi akawa analia na kucheka kwa pamoja. Na Mama Ibara? Alinirekebishia kitambaa cha kichwa, akanong'ona: "Umejibu vizuri. Ila siku nyingine ongea ukimtazama mtu usoni." Wanaomfahamu wanajua kwamba hiyo ilikuwa sifa kubwa kupita zote.

Leo mimi ni muuguzi mkuu wa wodi ya wazazi. Kila mtoto anapolia kwa mara ya kwanza, nafurahi kupita kiasi, na wenzangu wameshazoea kunicheka.

Mwalimu, ulidhani tumekuandalia keki na kanga tu. Hukumu ile haikuishia kwangu. Wengine waliokuwa hawana wa kuwashuhudia wameingia ofisi zile baada yangu na kutoka wakiwa raia, na tumetafutana kwa siri ili tuje hapa leo. Naomba sasa wasimame.

Mwalimu, geuka uwaone. Yule mrefu pale nyuma ni fundi umeme. Yule mwenye mtoto mgongoni anafundisha kemia. Wale mapacha ndio kwanza wameapishwa uwakili. Usifute machozi kwanza, watazame wote, hadi wale waliokosa viti.

Kwa masikio mliyonipa, asanteni sana.