Pale Mtandao Unaposhika, Kaburini kwa Mama Mkwe

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Asifiwe na ninyi mliowahi viti vya mbele, asifiwe na ninyi mnaoegemea ukuta kule mlangoni! Mimi ni Ndeshi, mjane wa Elinami, yule kitinda mimba wa nyumba iliyo chini ya mfereji. Leo nimesimama kusema alichonitendea Bwana, na naomba mnivumilie nikisimulia taratibu, maana hata mimi mambo yenyewe naona kama niliyaota.

Kihamba chetu, lile shamba la ukoo linalozunguka nyumba, mnakijua. Migomba ile ilipandwa na mama mkwe wangu kwa mikono yake, na mingi ni mshare, ndizi ya kupondea supu ya mtori. Mama alikuwa akisema mshare ni wa mzazi. Mwanamke akijifungua, awe wa usharika huu au Mkatoliki wa kule Kilema nilikozaliwa mimi, mama alikata mkungu akampelekea kabla hajaombwa. Na mimi nililishwa na mikono ile. Nakumbuka nimelala ndani, ukungu umefika mpaka mlangoni, mtoto kifuani, nasikia mwiko ukiponda mtori jikoni, sijui kama ni asubuhi au ni jioni. Ndugu zangu, kama mbinguni kuna harufu, basi ni ile! Nililala nikaamka, nikala nikalala tena, na hakuna aliyeniuliza kitu.

Mama alipofariki tulimzika kihambani, kama desturi yetu, tukapanda masale, ile mimea yetu ya majani marefu, kuzunguka kaburi. Baadaye mume wangu naye akamfuata. Na hapo shida zikaanza. Lori lililokuwa likija kuchukua ndizi likaacha kuja, bila hata kuaga. Sokoni Himo kila mtu ana ndizi, nani anunue za mwenzake? Mshare ukaivia mgombani, ukaanguka, nyuki wakashiba.

Siku moja akaja shemeji yangu Elisante, kaka mkubwa wa marehemu, anayeishi Shirimatunda. Alipita katikati ya migomba akiigonga kwa fimbo, huku na huku.

"Shemeji, hii imezeeka, na soko hakuna," akasema. "Krismasi ukoo ukikutana nyumbani nitatoa hoja ikatwe. Tupande maparachichi."

Si mtu mbaya, jamani, na hesabu yake ilikuwa ya mtu mwenye akili. Lakini alipoondoka nilikwenda kukaa kaburini nikalia. Niliona kwamba migomba ile ikikatwa, mama atakuwa amekufa mara ya pili, na mimi nimebaki mgeni kwenye shamba lililonilea.

Sasa sikieni jambo la ajabu! Nyumbani kwangu simu ni tochi tu. Mtandao unashika mahali pamoja, kwenye jiwe lililo kati ya masale, kichwani mwa kaburi la mama. Ukikaa hapo meseji zinaingia, ukisimama zinakatika. Nikajiambia, Ndeshi, watu wote wa dunia hii wako ndani ya simu, hutakosa mla ndizi.

Nikaanza kutangaza. Ee Bwana, nilitangaza! Kila kundi nililounganishwa niliingia na picha ileile ya mkungu: "Ndizi zipo, karibuni." Kundi la wapenda mpira, nimo. Kundi la waliosoma pamoja, nimo. Nilitangaza ndizi hata kwenye kundi la msiba, watu wanapanga mazishi, mimi nimeweka mkungu! Huko nilitolewa kabla sijashuka kwenye jiwe. Makundi mengine nayo yakanitoa, moja baada ya jingine, na sikupata mnunuzi hata mmoja. Mwezi wa kumi na mbili unakuja, nami nimefungiwa milango yote.

Lilibaki kundi moja tu, la mazungumzo ya akina mama waliojifungua. Nililiingia kuuza, sitawadanganya. Asubuhi ile nilikaa kwenye jiwe na kikombe cha chai, picha yangu ya mkungu iko tayari, nikakuta binti ameandika. Alijiita Mama Tumaini. Alisema amejifungua yuko Dar, mama yake hayupo tena duniani, maziwa hayatoki vizuri na mtoto analia. "Naisikia harufu ya mtori wa mama hata nikiwa usingizini," akaandika. "Nani anajua unavyopikwa?"

Ndugu zangu, nilisahau kabisa kilichonipeleka! Niliandika, nikaandika. Vidole vilikuwa vyangu, maneno yalikuwa ya mama mkwe. Sisemi niliona mzimu, mchungaji usinishtukie! Nasema ukungu ulikuwa mzito, shamba lote limepotea, nimebaki mimi na jiwe na masale, nami naandika: paka mafuta mikononi, utomvu usikung'ang'anie. Menya, tia kwenye maji. Chemsha na mifupa ya ng'ombe, moto mdogo, usiharakishe kuponda. Maziwa yawe ya mwisho. Na usilete viungo vya pilau hapa! Nikamwambia, mwanangu, kwetu mzazi hashiki jembe mpaka mtoto akaze shingo, basi na wewe lala, kazi itakungoja. Nilipoinua macho ukungu ulikuwa umefunguka, kilele cha Kibo kimesimama cheupe juu ya migomba, na chai yangu imepoa.

Sikuwa nimeandika hata neno moja la kuuza.

Kesho yake nilikuta maswali yamejaa. Mmoja anauliza ndizi gani, mwingine anauliza kama mtori unaweza kulala, mwingine hana swali, anasema tu amelia aliposoma. Nikamjibu kila mmoja. Ikawa ndiyo ibada yangu ya asubuhi, nakwenda kaburini na chai, umande miguuni, nazungumza na wanawake ambao sijawahi kuwaona, na wao wananiita mama. Kuna siku nilisahau kabisa habari ya Krismasi. Nilikuwa na furaha ambayo sikujua imetoka wapi.

Kisha Mama Tumaini akarudi. Alinunua ndizi sokoni huko, akapika kama nilivyomwelekeza. "Umekuwa madonge, mama, na ile harufu haipo." Nikajua mara moja. Hiyo haikuwa mshare! Nikamwambia. Na wote wakauliza kwa pamoja: mshare tunaupata wapi?

Jamani! Nyuma ya mgongo wangu shamba zima la mshare linaanguka, na mimi naogopa kujibu! Nilishatolewa kwenye makundi yote. Nikasema, Bwana, nisitolewe na hapa, hapa nimepata watoto. Nikamwandikia kiongozi wa kundi pembeni, nikamwomba ruhusa kwa unyenyekevu wote, nikamweleza kwamba ninayo hiyo ndizi shambani kwa marehemu mama mkwe wangu.

Akanijibu, "Mama, wanaokuja kutangaza tunawatoa. Wewe umeombwa. Wajibu."

Nililia kuliko nilivyolia siku ya fimbo ya shemeji! Nikakata mkungu wa kwanza ungali mbichi kabisa, kama alivyokuwa akikata mama, nikaufunga kwa majani makavu ya mgomba, nikaushusha Himo kwenye basi. Ukafuata mwingine, na mwingine. Wazazi wakaambiana. Waliolishwa wakawaleta wajawazito. Lile lori siku hizi hata silikumbuki, na nyuki watanisamehe.

Krismasi ikafika, watu wakapanda kutoka mijini, ua ukajaa. Tulipokwisha kula, shemeji Elisante akasimama kutoa hoja yake. Wazee wakanigeukia. Mimi mjane, nibishane na ukoo? Nikasema tu, "Shemeji, naomba twende kwa mama."

Tukaenda, wengine wakatufuata. Nikamkalisha kwenye jiwe, nikampa simu. Kwanza kimya. Kisha zikaanza kuingia, kama mvua inavyoanza kwenye bati. Ya kwanza ilikuwa ujumbe wa sauti wa Mama Tumaini, nikamwambia aufungue. Tukasikia mtoto akiguna kidogo, na binti akiongea chinichini asimwamshe: "Krismasi njema, mama. Amenyonya ameshiba, amelala. Naomba umpe asante yangu aliyeipanda hiyo migomba."

Shemeji aliketi kichwani mwa mama yake, ameshika simu kwa mikono miwili. Kisha akaurudia ujumbe ule kutoka mwanzo, akaiinamisha simu karibu na udongo, na binti akamshukuru mama tena. Aliposimama alinyoosha mkono akachuma jani la sale, akanipa mbele ya ukoo wote. Mnajua maana yake. Kwetu mtu akikukabidhi sale anaomba msamaha, na wewe huna ruhusa ya kumkatalia. Nililipokea kwa mikono miwili. Hoja ya kukata migomba haikutajwa tena, na Januari shemeji mwenyewe alikuja kuitilia samadi.

Aika Ruwa! Mungu wangu, asante! Ndivyo alivyokuwa akisema mama, nami nasema hivyohivyo. Ndugu yangu unayetangaza na kutangaza na hakuna anayegeuka, mtumaini Bwana. Ingia taratibu pale watu wanapozungumza, usikilize nani analia, umjibu kwa ulichonacho. Wanunuzi Bwana atawaleta kwa wakati wake. Alinitoa kwenye aibu akaniwekea meza kaburini, hatakushindwa wewe!

Nakaa sasa. Ila kabla hamjaimba, wewe mwanangu uliyekaa nyuma na kichanga, nimekuona tangu umeingia. Usiondoke na wenzako. Sufuria yenye kifuniko chekundu pale mlangoni ni yako, na ingali ya moto.