Luhende wa Ngata Anaondoka

Ndugu Anton Luhende, mhudumu wa mazoezi ya viungo katika hospitali yetu, anastaafu tarehe 30 Juni 1976 baada ya utumishi wa miaka ishirini na miwili. Ilisemwa aandikwe na mtu wa ofisini. Wa ofisini hawamjui. Wanamsikia tu akipita, maana Luhende hajapata kusema polepole. Basi ameandikwa kutoka jikoni.

Kwao ni Puge. Aliingia hapa mwaka 1954 kufagia wadi, na ukweli usemwe, alikuwa mfagiaji mbaya. Akimkuta mgonjwa yuko macho, fagio linaegemezwa ukutani na maongezi yanaanza, vumbi likabaki pale pale. Lakini wagonjwa walijiinua wakakaa ili wamsikie, wengine ili wamjibu. Mganga Mkuu aliliona hilo. Baada ya Uhuru akampeleka Dar es Salaam akajifunze kuwarudishia nguvu watu waliodhoofika. Akarudi na viatu vya raba na neno jipya: mazoezi.

Neno hilo lilimponza wiki ya kwanza tu. Hapa kwetu mazoezi yalikuwa ya mgambo. Mzee Jilala, mfugaji wa Igunga aliyekuwa anapona homa ya matumbo, alipoambiwa kesho asubuhi ni mazoezi, aliuliza kama serikali imeishiwa vijana. Luhende alicheka mpaka akakaa chini. Jilala hakucheka. Asubuhi alipatikana kajifungia chooni.

Kazi yenyewe ni hivi, kwa nyie mnaodhani ni kuchezesha watu. Mtu aliyelala muda mrefu, hasa ambaye ugonjwa umemla damu ikabidi atiwe ya wenzake, haamki siku moja akashika jembe. Anakalishwa kwanza, miguu inaning'inia. Kisha anasimama kashika kitanda. Kisha anafika dirishani, anapumzika kabla moyo haujaanza kumgonga kifuani. Kesho anaongezewa kidogo. Ndugu za wagonjwa waliona huo ni ukatili. Kwetu mgonjwa hulazwa, hulishwa, hufunikwa blanketi, na akitaka kuinuka shangazi yake humkandamiza arudi chini. Mashangazi hao wamemaliza watu wengi kwa mapenzi yao.

Luhende aliongeza lake: ngata. Anayesimama baada ya kulala sana huinama na kutazama miguu yake, mwisho huanguka. Ukimweka kichwani ngata tupu, ile kata ya nguo tunayobebea maji, shingo inanyooka, macho yanatazama mbele. Alisema amerithi kwa babu yake aliyebeba pembe za ndovu toka Ujiji mpaka pwani. Habari za babu huyo tumezisikia mpaka tumechoka.

Mwaka uliofuata Azimio la Arusha, ngata hiyo nusura imfukuzishe kazi. Alilazwa Mzee Yahaya, fundi cherehani wa mjini. Ugonjwa ulikuwa umemkausha damu. Akatiwa ya watu, akapata nafuu. Miguu ndiyo ilikuwa imebaki mifupa. Mganga Mkuu alisema wazi mbele ya mkewe, Mwanajuma: huyu asipoinuka, kifua kitamjaa, na atakufa na damu yetu yote mwilini. Luhende akaja na ngata, akampachika bila hata kumuuliza.

Mzee Yahaya aliitupa dirishani. "Babu yangu alikuwa na wapagazi wake," alisema. "Leo nitiwe ngata na mjukuu wa mpagazi?"

Mtu mwenye akili angenyamaza. Luhende akajibu, "Babu yako alikuwa na wapagazi, babu yangu alikuwa na miguu. Sasa hapa nani anatembea?"

Wadi nzima ilicheka. Mzee aligeukia ukuta, akaapa mguu wake hautagusa sakafu ile. Mjini ikavuma kwamba hospitali inawafanya waungwana wapagazi. Balozi wa nyumba kumi alikuja kutuhutubia kuhusu usawa na unyonyaji, wakati mlalamikaji wake hakutaka usawa hata kidogo. Wagonjwa wengine wa mjini nao wakagoma kuinuka. Mganga Mkuu akamwita Luhende: mzee yule akifia kitandani, mazoezi yamekwisha, na wewe utarudi kwenye fagio.

Luhende alikwenda kuomba radhi. Akasema shikamoo, hakuitikiwa. Akarudi kesho yake, shikamoo ikaanguka tena chini. Mzee akaanza kukohoa. Luhende aliyekuwa anasikika toka getini akawa anapita kama mwizi.

Hapa watu humpa sifa isiyo yake, kwa hiyo tunyooshe. Aliyemwinua Mzee Yahaya ni Mwanajuma. Bomba la hospitali lilikuwa limekatika, wanawake wanachota kisimani. Mama huyu aliingia wadini na debe limejaa kichwani, juu ya ngata, akasimama mbele ya kitanda, maji hayakumwagika.

"Baba Mwamvita," alisema, "maji ya kutawadha tangu uniingize nyumbani kwako yamekuja juu ya hii. Hukuwahi kuniambia yananuka aibu. Kama ngata ni ya mpagazi, basi ulioa mpagazi."

Mzee akasema, "Mwanajuma, watu wanasikia."

"Wasikie. Maji haya nayaweka mlangoni. Anayeyataka ayafuate. Mimi siwi mjane kwa sababu ya kitambaa."

Akalitua debe kizingitini, akatoka. Alasiri ikaadhiniwa. Mzee alitazama lile debe muda mrefu, akateremsha mguu mmoja, kisha wa pili. Akashika kitanda cha jirani, akapumzika, akashika kingine. Luhende alitembea pembeni yake, mikono wazi tayari kumdaka. Mlangoni mzee akasema, "Marahaba," kana kwamba kaamkiwa dakika ile. Ngata hakuivaa, siku ile wala nyingine. Alitoka hospitali kwa miguu yake.

Baada ya hapo Luhende alijifunza kuuliza kabla ya kushika. Mgonjwa anaulizwa anataka kufika wapi. Mmoja alitaka juani, mwingine alitaka kumwona ng'ombe wa mganga, Raymundi wa Kigwa alitaka kwenda kuvuta kiko mbali na nesi. Wote walifika. Ngata anapewa aitakaye. Waliotoka hapa wakitembea ni wengi, na wapo waliokufa pia, tusidanganyane.

Bertila anayeshika nafasi yake amesoma vizuri. Aongeze sauti, na apunguze kuangalia saa.

Luhende, tunakushukuru kwa kazi. Kutokuwepo kwa kelele zako tutakuzoea. Tumesikia huko Puge wanao wamekuwekea kitanda cha kamba kivulini na wamekukataza jembe kwa sababu umezeeka. Usikubali. Tunakuombea uzee wa kusimama wima, chakula kinachoshuka, na usingizi wa usiku tu. Tukisikia umelala mchana, tunapanda gari tunakuja kukuinua, na hatutakuuliza unataka kufika wapi.

Mwanamkuu binti Nassibu,
Jikoni