Sanduku ya Kupimia Waya Iende Bugembe

Lillian, Norman, sogeeni hapa kwa kitanda, sauti yangu haifiki mbali tena, na hii maneno nataka kusema mara moja tu.

Nyumba hii ya Walukuba ni ya mama yenu, hiyo imeisha. Shamba ya Budondo mgawane sawa. Sanduku ya kupimia waya za kompyuta, Norman najua umeshapata mtu wa kuinunua, na Lillian unaitaka kwa kazi. Hakuna kati yenu atachukua.

Mliona vile niliikusanya kidogo kidogo, kwa sababu ya dukani sikuiweza. Koleo nilitoka nayo jeshini. Balbu ya tochi na betri mbili nilifunga mwenyewe, za kujua kama waya imekatika ndani. Kile kipande cha waya na vifuniko viwili vya kufunga mwisho wa waya ni vizima, havifanyi kazi nyingine, unabadilisha navyo tu uone ugonjwa uko wapi. Pesa yote iliingia kwa mita, ile ya mshale ya kupimia waya, kwa sababu mita huwezi kujitengenezea. Ilikuja na karatasi ya maelezo. Nikaikunja, nikaiweka chini ya koleo, maana kusoma sikujua, na niliona haya kumpa mtu anisomee.

Mwaka wa tisini na sita, mimi na Wasike, mwenzangu wa kazi, tulifunga waya za kuunganisha kompyuta sita kwa ofisi moja ya kahawa, Mbale. Zikawa zinaongea, zinanyamaza. Nikapima mashine zote zikiwaka, mshale ukaruka ovyo. Mkubwa wa pale akauliza, "Afande, mbaya ni nini?" Nikamwambia, "Ni viungo vya waya, vile alifunga Wasike." Wakamfukuza mbele ya watu, akarudi Bugembe kuziba tairi za baiskeli. Mpaka leo anaziba.

Baada ya wiki nikabadilisha kifuniko kimoja, nilichofunga mimi, na kompyuta zikaongea. Nikanyamaza. Nikajiambia hata viungo vilikuwa vibaya, mita si ilisema.

Mwaka jana, kwa masomo ya wazee ya mwalimu Namukose, nikajua kusoma. Mlicheka kwamba mzee anasoma hata karatasi ya sabuni. Ile ya mita nilisoma na kidole, Kizungu chake, siku tatu. Inasema zima mashine zote kwanza, ndio upime. Zikiwaka, mita itakudanganya.

Basi sanduku ni ya Wasike. Lillian upeleke, Norman abebe. Akiwatukana, msijibu. Akikubali kukufundisha, Lillian, kaa ufundishwe, anajua kunishinda.

Halafu mwende Mbale, kwa ile ofisi ya kahawa. Nimeandika barua kwa mkono wangu, inasema viungo vya Wasike vilikuwa vizuri, kosa ni yangu. Msiwaachie mezani. Mmoja asimame asome kwa sauti, wale waliokuwepo wasikie.

Ngoja… maji kidogo. Mungu awatunze, awape kazi, awape kupendana… Lillian, hiyo barua. Herufi zingine zimepinda. Usizinyooshe. Isomwe… vile iko.